Ufundi au masomo ya kawaida? Dhana tunazorithishana bila kuzipima

"Ufundi ni wa waliofeli."

Kauli hii husemwa sana na watu ambao bomba likipasuka usiku wa manane humpigia fundi simu kwa sauti ya unyenyekevu. Nchini Uswisi, karibu theluthi mbili ya vijana wanaomaliza shule ya lazima huingia kwenye mafunzo ya kazi, wengi wao kama wanagenzi: siku kadhaa za wiki wako karakana, benki au hospitalini, na siku nyingine wako darasani. Tena njia haiishii hapo. Tangu miaka ya 1990 kuna cheti kinachomwezesha mwanagenzi kuendelea hadi chuo kikuu cha sayansi tumizi.

"Anayekwenda ufundi, hesabu za nini?"

Chukua ekstensheni iliyoandikwa ampea 13. Mteja anataka kuchomeka birika la wati 2,000 na hita ya wati 2,000 kwa pamoja. Fundi aliyekariri ataupapasa waya na kusema unatosha. Aliyeelewa fizikia ya sekondari atagawanya 4,000 kwa volti 230, atapata ampea 17 na ushee, na atakataa, kwa sababu waya ule utapata joto taratibu mpaka plastiki yake ianze kulainika. Au mtazame seremala anayehakiki pembe ya fremu: anapima sentimita 60 upande mmoja, 80 upande wa pili, kisha anaangalia kama mshazari unasoma 100. Hiyo ni kanuni ya Pythagoras, hata kama yeye aliipokea kwa bosi wake kwa jina la "tatu, nne, tano".

Lugha nayo? Kuna makadirio ya gharama ya kuandika, mkataba wa kusoma kabla ya kusaini na maelekezo ya mashine mpya. Ndiyo maana mwanagenzi wa Ujerumani, siku anazokaa shuleni, husomeshwa pia lugha na elimu ya jamii. Wengine hunung'unika kwamba vipindi hivyo vinawapotezea muda. Mimi naona ndivyo vitakavyowafaa wakiwa na miaka 45.

"Ukiwa na ujuzi mkononi, umemaliza."

Mwaka 2017 mchumi Eric Hanushek na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha nchi 11. Waliosomea ufundi walipata kazi haraka zaidi ujanani, lakini kadiri umri ulivyosonga faida hiyo ilipungua, na waliosoma elimu ya jumla wakawapita katika kubaki kazini. Pengo lilionekana zaidi katika nchi zenye uanagenzi imara. Kinachochakaa ni kifaa. Aliyefundishwa taipureta pekee, taipureta ilipoondoka maofisini aliondoka nayo. Hilo halimaanishi ufundi usisomwe, ila ufundishwe pamoja na msingi wa kumwezesha mtu kujifunza upya.

"Badilisheni mtaala, ajira zitakuja."

Hii hupendwa na wanasiasa. Mwaka 1965 Philip Foster, aliyekuwa amechunguza shule za Ghana, aliandika kwamba vijana waliokimbilia masomo ya kawaida walipiga hesabu sahihi: kazi zenye mshahara mzuri zilikuwa huko. Romania nayo, katika mageuzi ya mwaka 1973, iliwazuia wanafunzi wengi kuingia ufundi mapema na kuwabakiza kwenye elimu ya jumla. Watafiti walipowafuatilia baadaye, walikuta wachache zaidi wanafanya kazi za mikono, lakini kipato na ukosefu wa ajira havikutofautiana sana na vya waliowatangulia. Shule haiajiri.

"Kipaji huonekana mapema, mtoto achaguliwe njia mapema."

Majimbo mengi ya Ujerumani huwagawa wanafunzi baada ya darasa la nne, wakiwa na takribani miaka 10. Kwangu huo ni umri wa mtu anayetaka kuwa rubani Jumatatu na golikipa Jumanne. Berlin na Brandenburg husubiri hadi darasa la sita.