Je, wajua kwanini masaji ileile inamlaza mwenzio kama mtoto, wewe inakuacha kama umepigwa?

Mara ya kwanza nilipoenda kukandwa nilimwambia yule dada weka nguvu zote usinionee huruma, si unajua ule ushamba wa kutaka hela yako ionekane imefanya kazi. Shida yangu kipindi kile ilikuwa usingizi na mawazo, misuli haikuwa na neno. Kesho yake kunyanyua mkono kuvaa shati tu ilikuwa kesi, na usingizi wenyewe sikuupata. Yule dada hakukosea, mi ndo niliagiza dawa ya mgonjwa mwingine.

Iko hivi, mwili ukiguswa taratibu kwa mwendo uleule unaona hamna hatari, pumzi inashuka, mapigo ya moyo yanatulia, unaanza kusinzia. Ukibonyezwa ghafla kwa nguvu unajihami, na msuli unaojihami unakaza zaidi. Jichunguze tu, ukijikuta umebana pumzi na vidole vya miguu vimejikunja ujue imezidi, sema hapohapo, hiyo habari ya "vumilia tu" achana nayo.

Kwahiyo kama tatizo ni stresi, usingizi au uchovu wa mwili mzima, chukua ile laini inayoitwa masaji ya Kiswidi, mafuta mengi, mikono inateleza kwa marefu, kukandwa kama unga, kupigwapigwa kidogo. Alafu cha kuchekesha, sifa za hiyo masaji watu humpa Pehr Henrik Ling, mwalimu wa mazoezi ya viungo wa Sweden, wakati aliyeipanga ile mitindo ya mikono ni daktari Mholanzi, Johan Georg Mezger, karne ya 19, tena kwa majina ya Kifaransa!

Ile nzito, ya kuzama kwenye msuli wa ndani, ni ya mtu mwenye sehemu moja inayomsumbua siku nyingi. Kama unashinda kwenye kompyuta pitisha vidole hapo katikati ya shingo na bega, unaweza kukuta kinundu kigumu kama harage, ukikibonyeza maumivu yanapanda mpaka kichwani. Mkandaji anayejua kazi hakirukii, anaanza juujuu mpaka nyama ilegee ndo anaingia na kidole gumba au kiwiko, anabonyeza, anasubiri, anaongeza. Kuuma siku moja mbili baada ya hapo ni kawaida, kutoka na mavilio ya damu mwili mzima hapana. Na kama kiti na mkao ni vilevile, hicho kinundu kitarudi.

Watu wa mazoezi nao wanaambiwa eti masaji inaondoa asidi ya laktiki, ile ambayo misuli inaitengeneza ukifanya mazoezi makali. Asidi hiyo mwili unaiondoa wenyewe ndani ya saa moja hivi ukishapumzika, yale maumivu ya siku ya pili na ya tatu yanatokana na michubuko midogomidogo ndani ya msuli. Kukandwa kunapunguza maumivu ndio, ila iwe ya wastani, nyama imeshachoka usiitwange tena.

Kama unajihisi mkavu, kuinama tabu, kuna ya Kithai, unalala kwenye godoro chini na nguo zako, hamna mafuta, unavutwa na kukunjwa kama mtu anakufanyisha mazoezi. Mwenye mifupa dhaifu au diski ya mgongo iliyochomoka asiisogelee kabla ya kuongea na daktari. Na kuna ya limfu, yale majimaji ya mwilini yanayopita kwenye vijia vyake mbali na damu, kwa waliovimba mkono au mguu baada ya kutolewa tezi za limfu kwenye operesheni, hiyo unaweza kudhani hufanyiwi kitu maana mkono unavuta ngozi tu, sababu vijia vya limfu viko chinichini ya ngozi na ukikandamiza unaviziba. Hii tafuta aliyesomea kabisa.

Mjamzito analazwa ubavu na aseme mapema. Anayekunywa dawa za kufanya damu iwe nyepesi asifanye ile nzito. Mwenye homa au ngozi yenye maambukizi asubiri apone. Ila kinachonitisha zaidi ni mguu mmoja, kigimbi kimevimba, kina joto, kinauma, na mtu anaomba achuliwe. Hapo inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa, ukichua donge linaweza kung'oka likaenda kwenye mapafu. Huo mguu unapelekwa hospitali siku hiyohiyo, bila kuguswa.