Panchi sio juisi: mambo tunayodanganyana kila Krismasi

Krismasi ya mwaka juzi mama mkubwa wangu alikunywa glasi nne za panchi, yani waini iliyochanganywa na juisi, soda na matunda, akidhani ni juisi. Nne. Ni mama wa kanisani yule, pombe hagusi kabisa, alikaa zake chini ya mwembe kwenye kiti cha plastiki na kila binti akipita na jagi anamuongezea, "wanangu hii juisi yenu ya nanasi tamu jamani, mmeweka nini humu?" na hamna aliyemjibu, maana kila mtu alidhani mwenzie ashamwambia. Pilau linapakuliwa yeye kashalala, wigi limeenda upande, kiatu kimoja kipo kimoja hakipo. Watu walicheka mpaka basi, ila mi ndo nlikuwa nimeichanganya ile kitu kwahiyo kicheko changu hakikuwa kirefu.

Tangu siku hiyo nimekuwa mkali kuhusu panchi (panchi eeh, sio pancha, ya tairi hiyo muulize fundi), na nikiangalia naona karibu kila kosa linaanzia hapo hapo, watu wanaichukulia kama juisi iliyochangamka kidogo.

"Si imechanganywa na juisi na soda, inakuwa nyepesi tu." Haya tupige hesabu. Chupa mbili za waini za mililita 750, ya asilimia 12, hii ya kawaida ya Dodoma au ya Afrika Kusini. Lita moja ya juisi ya embe na nanasi, lita moja ya soda, alafu anakuja shemeji mmoja anaona haijakolea anamimina robo lita ya Konyagi, ambayo ni asilimia 35. Jumla una lita tatu na robo tatu, na kilevi humo ndani ni kama asilimia 7. Bia zetu nyingi ziko asilimia 4.5 mpaka 5.5 hivi. Yani bakuli zima lile limepita bia, na hata ungemfukuza shemeji na Konyagi yake bado lingebaki kwenye asilimia 5, ambayo ni bia hiyo hiyo ila haina uchungu wa kukwambia taratibu. Glasi ya mililita 300 ya panchi ya shemeji inakaribia bia moja kubwa, na bia mtu anakaa nayo nusu saa anapiga stori, panchi joto la Dar lile anaimaliza dakika tano anaomba nyingine. Glasi nne za mama mkubwa zilikuwa karibu sawa na chupa nzima ya waini, peke yake, kabla ya chakula. Nlipomaliza kupiga hiyo hesabu nikakaa kimya kidogo.

Na barafu haipunguzi kitu, inaongeza maji tu, kilevi kilichoingia kwenye bakuli kipo kile kile, kimesambaa.

Kuna hili lingine nalisikia sana kwa wale wanaopenda panchi ya moto, hasa ndugu zetu wa Njombe na Makete kule kwenye baridi, au walioishi Ujerumani wakaonja waini ya moto ya viungo kwenye masoko ya Krismasi: "ichemshe tu pombe yote inaruka, hata watoto wanakunywa." Hapana aisee. Ni kweli alkoholi inachemka kwenye nyuzi 78 wakati maji ni 100, ila vikishachanganyika haviachani kirahisi hivo. Wizara ya Kilimo ya Marekani ina jedwali la hii mambo, ukichemsha taratibu kwa robo saa inabaki kama asilimia 40 ya pombe uliyoweka, nusu saa 35, saa zima bado 25. Na hakuna mtu anachemsha waini saa zima, ingekuwa haifai hata kunywa. Kwahiyo ya watoto ni ya watoto, ipikwe peke yake.

Matunda nayo. Hapa nawasema mama zangu wadogo wote, ile "pombe atakunywa baba, mtoto mpe matunda ya chini." Nanasi likilala usiku kucha kwenye waini limekunywa waini, kipande kinavimba kabisa ukikibonyeza kinatoka mchuzi wa zambarau, sa huyo mtoto wa miaka mitano umempa nini? Matunda ya panchi ni sehemu ya panchi.

Na sio kila tunda linalazwa. Nanasi, tufaha, embe ngumu ngumu na zile plamsi za Lushoto zinazojaa mjini Desemba, hizo weka usiku, friji, asubuhi ziko vizuri sana. Tikiti na papai zikilala zinakuwa uji, weka saa moja kabla ya wageni. Ndizi mi siweki kabisa, inageuka nyeusi watu wanaanza kuulizana. Machungwa na limao watu wanakata na maganda wanaacha mpaka kesho yake alafu wanasema waini ni mbaya, kumbe ule weupe wa ndani ya ganda ndo umetoa uchungu. Menya, au yatoe baada ya masaa mawili matatu.

"Waini iwe ya bei ndo panchi inakuwa tamu." We ukishamwaga nanasi, sukari na karafuu juu yake, nani atajua ulilipa ngapi? Nunua ya bei ya chini inayonyweka. Ila na huku upande wa pili kuna wale wenye chupa ilifunguliwa kipaimara cha Juni ikakaa juu ya kabati, "tutaitumia kwenye panchi". Hiyo ni siki bana, sukari haiiokoi. Mi nachukua nyekundu isiyo tamu sana ya Dodoma, kwanza zabibu zetu kule zinavunwa mara mbili kwa mwaka kitu ambacho Wafaransa hawana, pili utamu nataka niuweke mwenyewe. Na utamu hauwekwi kwa kumwaga sukari kwenye waini ya baridi, itakaa chini kama mchanga na atakayepakuliwa mwisho ndo anakunywa shira. Chemsha kikombe cha maji na kikombe cha sukari, tupia kijiti cha mdalasini, karafuu nne au tano, iliki zilizopondwa na kipande cha tangawizi, dakika kumi, acha ipoe, chuja. Karafuu tano, sio kiganja! Kuna mwaka nlimwachia mdogo wangu hiyo kazi, watu wakawa wanaongea kama wametoka kung'oa jino.

Halafu chombo. Hili wengi hawalijui na ndo linaloniumiza kichwa kuliko hata pombe yenyewe. Tukiwa wengi tunachukua sufuria kubwa ya alumini, au ile ndoo ya bati, tunachanganyia humo, inakaa usiku kucha. Waini ina uchachu, nanasi lina uchachu, limao ndo usiseme. Kwenye alumini unapata ladha ya chuma, lakini ndoo ya bati ni mbaya zaidi kwasababu imepakwa zinki na uchachu unaitoa ile zinki inaingia kwenye kinywaji, watu wanatapika na kuumwa tumbo alafu lawama anapewa mpishi wa pilau. Tumia bakuli la kioo, stenlesi, au ndoo ya plastiki ya kuwekea chakula. Sio iliyokuwa na rangi ya ukuta, jamani, hata uioshe vipi.

Na wale wa "pombe inaua vijidudu kwahiyo matunda suuza tu kidogo". Sanitaiza ya mikono inatakiwa iwe na alkoholi angalau asilimia 60, panchi ina 7, sasa itamuua nani? Barafu nayo haiui, vijidudu vya taifodi na kipindupindu vinasubiri tu iyeyuke. Osha matunda kwa maji safi yanayotiririka kabla hujamenya, na barafu itokane na maji yaliyochemshwa, sio ile ya mifuko usiyojua imetoka wapi. Mi nachukua kopo tupu la aiskrimu, lile ambalo kila nyumba lipo kwenye friza na ndani yake kuna maharage, najaza maji yaliyochemka yakapoa, natupia majani ya mnanaa na vipande vya plamsi, nagandisha. Linatoka bonge moja, linayeyuka polepole kuliko vile vidogo vidogo na linapendeza likielea. Soda inaingia mwisho kabisa, ya baridi, wageni washakaa. Ukiiweka asubuhi mchana hamna gesi.

Na wale wa "mpe kahawa aliyelewa, pombe itamtoka", jibu fupi: atakuwa mlevi aliye macho. Ini linafanya kazi kwa spidi yake, kama gramu 7 mpaka 10 za kilevi kwa saa, na zile glasi nne zina karibu gramu 70, hapo kaa chini hesabu uone funguo za gari unampa saa ngapi.

Kuna mjomba kila mwaka anasema hivi vitu ni vya wazungu. Mjomba, neno lenyewe wengi wanaamini limetoka kwa Wahindi, panch, yani tano, kwa vile vitu vitano vya mwanzo: pombe, sukari, limao, maji na viungo. Mabaharia wa Kiingereza walilikuta huko kwenye miaka ya 1600 wakarudi nalo kwao. Karafuu hazioti London.

Sa tunafanyaje, maana kwetu sikukuu inakuja kila mtu, majirani Waislamu, wajawazito, watoto, mama mkubwa. Mwanzoni nlidhani suluhisho ni kupunguza waini. Hapo napo nlikosea, kwasababu ya asiyekunywa sio "ndogo", ni hamna kabisa, na sio kuchovya upawa ule ule huku na huku. Kwahiyo siku hizi mabakuli mawili, meza mbili tofauti, kila moja na upawa wake. Moja panchi, limeandikwa POMBE kwa maka pen herufi kubwa na kaka yangu kakaa pembeni yake kama askari. Jingine rozela, nachemsha maua na tangawizi ile ile na mdalasini ule ule, inapoa, naongeza nanasi na plamsi na limao, rangi ukiiweka kwenye glasi huwezi kuitofautisha na waini, ndo maana nikasema meza mbili.

Mwaka jana la rozela liliisha kwanza. Mama mkubwa alilisogelea akanusa, akaniangalia, akaniambia kunywa we kwanza.