Kitengo chako kinapouzwa, miaka yako ya kazi inabaki kwa nani?

Nashauri wafanyakazi na vyama vyao kuhusu upunguzaji kazini. Kampuni ikitangaza kwamba kitengo kinachopata hasara kimepata mnunuzi, swali la kwanza ninaloulizwa ni wangapi wataondolewa. Ni swali la haki, kwa sababu nyuma yake kuna kodi ya nyumba, ada za watoto na mkopo wa benki ambao bado haujaisha. Hata hivyo huwa naomba tuliweke pembeni kidogo, tujue kwanza ni kitu gani hasa kinachouzwa.

Kama zinauzwa hisa, mwajiri wako hajabadilika. Kampuni iliyosaini mkataba wako ni ile ile na namba yake ya usajili ni ile ile, ila wenye kampuni ndio wapya. Mkataba unaendelea, na miaka uliyotumikia inaendelea kuhesabika bila barua yoyote. Kama kinauzwa kitengo peke yake, yaani mitambo, majengo, wateja na haki ya kutumia jina, hali ni tofauti kabisa. Mnunuzi ni mtu mwingine kisheria. Kwa sheria za Tanzania Bara, na za Kenya pia, mkataba wako hauhami wenyewe kumfuata.

Nchi za Umoja wa Ulaya zilikwishaliona tatizo hili. Tangu mwaka 1977 zina mwongozo wa pamoja unaosema biashara ikihamia kwa mmiliki mwingine, wafanyakazi wanahama nayo pamoja na mikataba na miaka yao. Afrika Kusini wanao utaratibu wa namna hiyo katika sheria yao ya kazi ya mwaka 1995. Sisi kwetu jambo hili limeachwa kwenye makubaliano, na ndiyo maana kila neno la barua utakayopewa lina uzito.

Hata huko kwenye ulinzi mkubwa, ulinzi wenyewe una mpaka. Siemens ya Ujerumani ilikuwa na kitengo cha simu za mkononi kilichokuwa kikipata hasara ya zaidi ya euro milioni 1 kwa siku. Mwaka 2004 wafanyakazi wa viwanda vya Kamp-Lintfort na Bocholt walikubali, kupitia chama chao cha IG Metall, kufanya kazi saa 40 kwa wiki badala ya 35 bila nyongeza ya mshahara, ili ajira zao zisihamishiwe nje. Mwaka uliofuata kitengo kikakabidhiwa kwa BenQ ya Taiwan. Siemens haikupata bei hapo, bali ndiyo iliyotoa fedha, takriban euro milioni 250, ili mzigo uchukuliwe. Mwishoni mwa Septemba 2006, kabla hata mwaka haujatimia tangu makabidhiano, BenQ ilitangaza kwamba haitatia fedha zaidi, na kampuni yake ya Ujerumani ikaomba ulinzi wa mufilisi. Takriban watu 3,000 walijikuta mikononi mwa kampuni isiyo na kitu.

Hasira zilikuwa kubwa, hasa kwa kuwa siku zile zile ilikuwa imejulikana kwamba wakurugenzi wa Siemens wamepangiwa nyongeza ya asilimia 30. Nyongeza hiyo iliahirishwa, na Siemens ikaanzisha mfuko wa euro milioni 35 wa kuwasaidia waliopoteza kazi. Mikataba ya watu wale ilikuwa imehama salama na miaka yao haikuguswa. Kasoro ilikuwa kwa mwajiri mpya aliyepokea wajibu wa kuwalipa, kwa sababu hakuwa na uwezo wa kuutimiza. Baadhi walikwenda mahakamani wakidai hawakuelezwa ipasavyo mnunuzi ni nani na ana nguvu gani, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ya Kazi ya Ujerumani ilikubali kwamba taarifa waliyopewa wakati wa kuhamishwa ilikuwa na upungufu.

Ninapoisoma kesi ile namuwaza mfanyakazi wa Dar es Salaam au Arusha anayepewa barua yenye nembo ya kampuni kubwa anayoifahamu. Angalia jina lililo chini ya saini. Mara nyingi mwajiri mpya ni kampuni tanzu iliyosajiliwa juzi kwa ajili ya ununuzi huo, yenye mtaji mdogo. Ukipata jina kamili, taarifa za usajili wake unaweza kuziomba BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa kampuni. Chama cha wafanyakazi kifanye hivyo mapema, kabla mtu yeyote hajaweka saini.

Wako pia wale wanaoachwa nyuma. Nokia iliuza kitengo chake cha simu kwa Microsoft, na mauzo yakakamilika Aprili 2014. Ndiyo Nokia iliyotutengenezea simu ya tochi tuliyoijua wote. Miezi mitatu baadaye Microsoft ikatangaza kupunguza hadi nafasi 18,000, na takriban 12,500 kati ya hizo zilitokana na kitengo kile kilichonunuliwa. Kiwanda cha Sriperumbudur, karibu na Chennai huko India, hakikuingia kabisa kwenye mauzo kwa sababu kilikuwa kimeshikiliwa katika mgogoro wa kodi. Kilibaki mali ya Nokia, kampuni ambayo haikuwa tena na biashara ya simu. Kilitengenezea Microsoft simu kwa mkataba wa muda, oda zilipokwisha kikasimama, na tarehe 1 Novemba 2014 uzalishaji ukakoma. Ukisikia tangazo la mauzo, uliza kama idara yako imo kwenye orodha ya vinavyouzwa. Mara nyingi karakana, ghala au ofisi ya hesabu havimo.

Sasa sheria yetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayefikiria kupunguza wafanyakazi kwa sababu za kiuendeshaji, yaani za kiuchumi, kiteknolojia au kimuundo, awape taarifa mara tu anapokuwa na nia hiyo, awape maelezo yote yanayohusika, kisha ashauriane nao, au na chama chao, juu ya sababu, njia za kuepuka au kupunguza idadi, vigezo vya kuchagua nani aondoke, muda, na malipo. Neno zito hapo ni nia. Mwajiri aliyekwisha kusaini mkataba wa mauzo wenye kifungu kwamba mnunuzi anachukua watu 60 kati ya 140, halafu akaita kikao cha mashauriano, anawaletea jambo lililokwisha amuliwa. Kwenye kikao kama hicho ombeni vipengele vya mkataba wa mauzo vinavyogusa wafanyakazi, na hakikisheni ombi lenu limeandikwa kwenye muhtasari. Bei si lazima mwonyeshwe. Idadi, majina ya kazi na vigezo mnastahili kuviona.

Barua ya mnunuzi ikifika, wengi huichana kwa uchungu au huisaini kwa hofu, na njia zote mbili zina hasara. Kwa sheria yetu, mtu anayeachishwa kwa sababu za kiuendeshaji akikataa bila sababu ya msingi kazi mbadala aliyopewa na mwajiri wake, au na mwajiri mwingine yeyote, anapoteza kiinua mgongo, yaani malipo ya kuachishwa yanayohesabiwa kwa miaka ya utumishi. Kwa hiyo usinyamaze na usikatae kwa mdomo. Andika. Kama mshahara umeshuka, kama kituo kimehama kutoka Morogoro kwenda Mwanza, kama nafasi ni ya chini kuliko uliyokuwa nayo, taja sababu hiyo kwa jina. Atakayepima kama sababu yako ni ya msingi ataisoma hiyo barua yako.

Jambo linalogharimu watu fedha nyingi ni miaka ya utumishi. Kiinua mgongo cha chini kabisa kwa Tanzania Bara ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, na hesabu inakomea miaka 10. Kenya ni siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka, bila kikomo cha miaka. Chukua mtu mwenye miaka 14 kiwandani Tanzania. Haki yake ni siku 70. Akihamia kwa mnunuzi kwa mkataba mpya unaoanza sifuri, bila kulipwa na mwajiri wa zamani, kisha akapunguzwa baada ya miezi 11, kwa mwajiri mpya hana hata siku moja, kwa sababu hajafikisha miezi 12. Atalazimika kurudi kumdai mwajiri wa zamani, ambaye huenda ameshafunga ofisi.

Wengi hufurahi wakisikia "miaka yenu inatambuliwa". Kwa mwenye miaka minne au mitano, ahadi hiyo inaweza kufaa ikiwa imeandikwa ndani ya mkataba na mnunuzi ana uwezo, kwa kuwa siku zile za kiinua mgongo zitakuja kulipwa kwa mshahara wa baadaye. Kwa mwenye miaka 10 na zaidi, mimi husema wazi: dai ulipwe sasa. Kikomo kimeshafikiwa, kwa hiyo kuendeleza miaka kwa mnunuzi hakukuongezei siku hata moja, wakati ukilipwa siku 70 leo na kuanza upya, kila mwaka utakaoukamilisha kwa mwajiri mpya unakuletea siku 7 nyingine. Mkataba wa hali bora, yaani ule wa chama na mwajiri, ukitoa zaidi ya kiwango cha sheria, hesabu hubadilika, kwa hiyo soma mkataba wenu kwanza.

Kabla ya makabidhiano chukua pia taarifa ya michango yako NSSF. Kitengo kilichokuwa na hali mbaya ya fedha mara nyingi kina miezi ambayo makato yalionekana kwenye karatasi ya mshahara lakini hayakufika kwenye mfuko. Ni rahisi kulidai hilo wakati mauzo hayajakamilika, maana mnunuzi mwenyewe hataki kurithi kesi. Likizo ambayo hukuchukua, saa za ziada, notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, cheti cha utumishi, na usafiri kama uliajiriwa mahali pengine, vyote hivyo ni madai tofauti na kiinua mgongo. Visimezwe na jumla moja isiyo na mchanganuo. Ukiletewa karatasi inayosema huna madai tena, omba mchanganuo kwanza, nenda nayo nyumbani, imwonyeshe kiongozi wa tawi au mwanasheria.

Na kama umeachishwa na unaona taratibu hazikufuatwa, shauri la kuachishwa isivyo halali hufunguliwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, kwa Fomu namba 1, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Ukichelewa inabidi uombe kuongezewa muda na kueleza kwa nini ulichelewa, na kusubiri ahadi za meneja hakukubaliki kirahisi kama sababu. Fomu jazeni hata kama mazungumzo na mnunuzi bado yanaendelea.