Kwa nini mkono wa throtoli hutetemeka wenyewe?

Ndege iko futi 30,000 juu ya Singida, na mimi niko Kisasa, Dodoma, kwenye chumba cha rubani cha kuigiza nilichokiunga kwa mbao za plaiwudi. Kompyuta ndiyo inayoendesha. Mikono miwili ya throtoli, ile ya kuongezea injini nguvu, ilitakiwa itulie. Wa kulia umetulia. Wa kushoto unakwenda mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele tena.

Nilisema mota inayousogeza mkono imechoka. Wengi husema hivyo, maana kinachotikisika ndicho kinachotuhumiwa. Nikanunua mota nyingine, ya volti 12, yenye nguvu kuliko ile ya mwanzo. Mtetemo ukaongezeka, na sasa ukawa na kelele za kumwamsha jirani. Dawa ikizidisha ugonjwa, huenda mgonjwa ni mwingine. Mota haina maamuzi: haijui mkono uko wapi wala unatakiwa ufike wapi. Inasukuma inakoambiwa, basi.

(Kwenye Boeing 737 halisi, kompyuta ikibadili nguvu za injini mikono husogea mbele ya macho ya rubani, kwenye Airbus A320 haisogei. Ndiyo maana adha hii ni ya sisi tunaoiga Boeing.)

Sasa mfikirie dereva wa lori anayerudi nyuma sokoni Majengo. Haoni nyuma, anamsikiliza utingo. "Rudi, rudi, rudi... hapo!" Dereva ni bodi ndogo ya elektroniki inayoiamuru mota, lori ni mota, na utingo ni potensiomita, kifaa kinachoiambia bodi mkono uko wapi, kilichofungwa kwenye mhimili wa mkono. Utingo akisema "bado" wakati lori limeshafika, dereva atapitiliza. Akisema "umepita", atasogea mbele. Utingo akiendelea kubadilisha kauli, lori halitasimama kamwe. Ukimpa dereva huyo lori lenye injini kubwa zaidi, atapitiliza kwa kasi zaidi. Hilo ndilo nililolilipia.

Na utingo huyu unamjua. Ni kifaa kilekile kilicho nyuma ya kitufe cha sauti cha redio ya zamani: njia ya kaboni, na kidole cha chuma kinachoteleza juu yake. Ukizungusha redio ikakwaruza krrr, kidole kimepita mahali palipochafuka au kulika. Kwenye throtoli mkwaruzo huo hausikiki. Unageuka kuwa namba. Bodi yangu husoma kuanzia 0 hadi 1023. Niliukaza mkono kwa mpira wa baiskeli usisogee hata unywele, nikatazama: 498, 530, 507.

Kosa la vumbi? Kiangazi hapa vumbi huingia hata kwenye sufuria lenye mfuniko, kwa hiyo ni rahisi kulishtaki. Lakini kaboni hulika hata penye usafi, hasa pale mkono unaposhinda. Potensiomita huzunguka karibu nyuzi 300, na mkono ukifungwa moja kwa moja bila gia hutumia labda 60. Kipande hichohicho ndicho kinachosuguliwa kila siku.

Kabla ya kununua chochote, kata umeme wa mota na uache wa bodi. Namba zikirukaruka mkono ukiwa umetulia, utingo ni mwongo: safisha kwa spreyi ya kontakti au badilisha. Zikitulia, kisha zikaanza kuruka mota inapowashwa, mota inachafua umeme wa nyaya za jirani; kapasita ndogo ya nanofaradi 100, kifaa kinachomeza uchafu huo wa umeme, kwenye miguu ya mota husaidia mara nyingi. Na kama hazirukiruki ila mkono unayumba huku na huku ya shabaha, dereva ni mbishi kupita kiasi: anadai namba ileile bila kusamehe hata moja.

Wangu ulikuwa na mawili. Spreyi ilituliza namba kati ya 511 na 513. Mtetemo mwembamba ulibaki mpaka nilipoiruhusu bodi isamehe tofauti ya 6 badala ya 1. Mota ya zamani imerudi kazini. Ile kubwa bado inatafuta ajira.