Chozi siyo hamingibadi, acheni hayo maji mekundu

Jamani. Tena mtu wa Tabata kanitumia picha ya chupa ya plastiki nyekundu imening'inia kibarazani, ndani maji ya sukari na rangi ya chakula, anauliza mbona hamingibadi (hummingbird, yule ndege mdogo anayenyonya maua) haji. Haji kwa sababu hayupo! Hamingibadi wote wako mabara ya Amerika. Ndege wetu ni chozi (sunbird), ukoo mwingine kabisa, na hapa Dar anakuja hata kwenye kabustani kadogo, yule wa kijani mwenye tumbo la njano (Hedydipna collaris) au yule mwenye mkanda wa zambarau kifuani (Cinnyris bifasciatus).

Hamingibadi ananyonya huku anaelea hewani, chozi anataka kutua. Kuelea anaweza, ila kidogo tu, sasa chupa isiyo na pa kushika miguu aifanyie nini? Panda mshubiri, bua lake gumu anakaa vizuri, utamuona mpaka kipaji kimejaa chavua ya njano. Acha ua la mgomba, msilikate, ananing'inia kichwa chini na kuchomeka mdomo. Kwenye hibiskasi ni mwizi, anatoboa ubavuni chini ya ua, ananyonya, chavua hata hagusi.

Maji ya sukari wanakunywa, sibishi, lakini rangi ya nini wakati nekta yenyewe, yale maji matamu ya ua, kwa kawaida haina rangi? Na kwa joto letu yanachacha upesi. Halafu makinda hawakui kwa sukari, wanalishwa wadudu na buibui, hata kiota kinafungwa kwa utando wa buibui, na wewe kila Jumamosi unapulizia dawa bustani nzima!

Picha sasa. Kwa kuwa anatua, usimkimbize na lenzi, chagua ua moja, weka fokasi hapo, kasi ya shata 1/1000 ya sekunde, subiri. Dume akitoka mweusi msilaumu kamera. Kile kijani cha kung'aa hakijapakwa kwenye manyoya, ni mwanga unaorudishwa na tabaka ndogo sana zilizo ndani ya unyoya, kwa hiyo akigeuza kichwa kidogo tu kinazimika. Jua liwe mgongoni kwako, asubuhi kabla ya saa tatu, piga mfululizo. Kuongeza rangi kwenye simu baadaye ni kumharibu ndege wa watu.

Majike ndiyo kazi kuwatambua. Vitabu vinawachora kama wanatofautika kirahisi, ila kwa picha moja ya mgongoni mimi jina sitaji. Nitumie na ya kifuani, na mlio kama umerekodi.