Kuingia kwa pini si kufanya kazi kwa maikrofoni

Wengi huamini kuwa maikrofoni yoyote inayoingia kwenye tundu la hedifoni la simu, lile la milimita 3.5, itarekodi. Sivyo. Pini ya simu ina sehemu nne za chuma: sauti ya kushoto, ya kulia, ardhi (njia ya kurudishia umeme) na maikrofoni. Simu hupeleka volti chache, mara nyingi karibu 2, kupitia rezista, yaani kipande kinachopunguza mkondo wa umeme, hadi sehemu ya maikrofoni. Umeme huo ndio unaoendesha vimaikrofoni vya kubana kwenye kola. Maikrofoni nyingi za kamera zina pini ya sehemu tatu. Ukiichomeka, njia ya maikrofoni inagusana na ardhi, volti inashuka hadi sifuri, na simu inaichukulia kama hedifoni za kusikilizia tu. Inaendelea kurekodi kwa maikrofoni yake ya ndani, na watu hutupa maikrofoni isiyo na kasoro yoyote! Kinachohitajika ni adapta ya kutoka sehemu tatu kwenda nne.