Tazama Alama Kabla ya Kuandika Amri kwenye Ruta

Simu nyingi zinazotufikia siku hizi katika kitengo cha mitandao kutoka ofisi za wilaya zina lalamiko moja: ruta imegoma kupokea amri. Tunawashukuru mafundi wanaojaribu wenyewe kwanza. Lakini mara nyingi ruta haijagoma. Amri ni sahihi, ila imeandikwa mahali pasipo pake.

Kwenye ruta za Cisco zenye IOS (mfumo endeshi wa ruta hizo), alama inayofuata jina la ruta ndiyo inayokuonyesha ulipo. Router> ni ngazi ya kutazama tu. Amri ya enable inakufikisha Router#, ambako unasoma usanidi wote (mipangilio ya ruta) na unaweza hata kuufuta. Baada ya configure terminal unaona Router(config)#, na kuanzia hapo kila mstari unatekelezwa papo hapo ukibonyeza Enter. Ukichagua poti, alama inageuka Router(config-if)#. Kwa exit unarudi ngazi moja. Kwa end unarudi moja kwa moja hadi #.

Mfano tunaoulizwa kila mara: fundi yuko Router(config)#, anaandika show ip interface brief ili aone hali ya poti, anajibiwa "% Invalid input detected at '^' marker." Kikofia hicho (^) kinaonyesha neno ambalo ruta haikulielewa. Tangulizia neno do mbele ya amri hiyo, au toka kwa end kisha uiandike tena. Kifaa ni kizima.

Na tafadhali, kuzima ruta na kuiwasha si tiba! Mabadiliko yako yamo kwenye RAM (kumbukumbu ya muda), na umeme ukikatika yanapotea isipokuwa uwe umeyahifadhi kwa copy running-config startup-config. Unapofanya kazi ukiwa mbali, anza kwenye # na reload in 10. Ikiuliza kama uhifadhi usanidi, jibu no. Ukijifungia nje, baada ya dakika 10 ruta itajiwasha upya na usanidi wa zamani. Kazi ikikubali, andika reload cancel, kisha hifadhi.

Nenosiri la enable halitolewi kwa simu wala WhatsApp. Ombi hupitia kwa msimamizi wako, likitaja ruta, kazi, siku na saa, na nenosiri hubadilishwa kazi ikiisha. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 kinamhusu anayeingia katika mfumo wa kompyuta kwa makusudi na isivyo halali: faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya faida aliyoipata isivyostahili, kutegemea ipi ni kubwa zaidi, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Aliyekosea amri hana cha kuogopa hapo; anayeazima nenosiri la mwenzake ndiye anayejiweka hatarini.

Ukikuta rommon 1 > usiandike chochote. Alama hiyo ina maana ruta haijaipakia IOS. Piga picha ya skrini, nakili namba ya kifaa, utupigie.